Serikali yataka tupikie umeme, bei yatuambia tusithubutu

Sensa ya mwaka 2019 ilituachia takwimu mbili ambazo ni nadra kutajwa kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba nusu ya nyumba za Kenya, asilimia 50.4 kwa usahihi, zilikuwa zikipata mwanga kutoka kwa umeme wa gridi ya taifa. Ya pili ni kwamba nyumba zilizotegemea umeme huo huo kwa kupikia hazikutimia hata moja katika kila mia: zilikuwa asilimia 0.9. Kuni zilitawala kwa asilimia 55.1, gesi ikafuata kwa asilimia 23.9, makaa 11.6 na mafuta ya taa 7.8. Umeme umeingia sebuleni ukapewa kiti, ukawasha taa, redio na simu, lakini jikoni haujaalikwa.

Naandika haya nikiwa Kisian, magharibi mwa jiji la Kisumu, pale ambapo barabara ya Busia huachana na ile iendayo Bondo na Usenge. Nguzo za umeme zimepita sokoni zikaingia mabomani, ilhali kila jioni moshi wa kuni hutanda chini ya vilima vya Riat kana kwamba nguzo hizo zilisimikwa kwa urembo. Kinaya ni kwamba hapa hapa Kisian ndipo kilipo kituo mashuhuri cha taasisi ya utafiti wa afya, KEMRI. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walipata kupima aina sita za meko yaliyoboreshwa katika nyumba za mashambani za Kenya Magharibi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016. Moshi ulipungua, lakini haukushuka hadi kile kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona kuwa salama. Yaani hata kuni zikichomwa kwa ustadi, bado ni kuni. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani kote.

Serikali nayo haikunyamaza. Iliahidi kwamba kufikia mwaka 2028 kila Mkenya atakuwa akipikia nishati safi, na mwaka 2024 ikatoa mkakati wa taifa wa upishi wa umeme. Kampuni ya kusambaza umeme imekuwa ikiendesha kampeni yake ya Pika na Power, ambamo wapishi mahiri huonyesha umma jinsi chapati zinavyoiva bila moshi wala masizi. Mimi ni miongoni mwa wanaoafiki mwito huo, na jiko la indaksheni lipo jikoni mwangu. Hata hivyo, kampeni hizo zimekuwa zikinyamazia mambo mawili ambayo ndiyo yatakayoamua kama jiko hili litatumika au litageuka pambo la juu ya kabati: sufuria na bei.

Kwanza tuelewane kuhusu jiko lenyewe, kwa sababu wengi hudhani ni lile lile koili la zamani linalowaka wekundu. La. Ndani yake, chini ya kioo kigumu, mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Mkondo geu hupitishwa humo ukibadili mwelekeo zaidi ya mara elfu 20 kwa sekunde. Mwanafunzi yeyote aliyesoma sumaku-umeme katika kidato cha nne atakumbuka aliyoyagundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inayobadilika huzua mkondo katika metali iliyo karibu nayo. Hapa metali iliyo karibu ni kitako cha sufuria. Mikondo midogo huzaliwa ndani ya kitako hicho, huzunguka-zunguka humo, hupambana na ukinzani wa chuma, na mapambano hayo ndiyo joto. Jiko lenyewe halina moto. Sufuria ndiyo jiko. Kioo hupata joto kwa kuazima tu kutoka kwa sufuria iliyokikalia, na ukiiondoa sufuria, kazi hukoma pale pale.

Kwa ajili hiyo, joto linalopotea njiani ni kidogo. Katika kila yuniti moja ya umeme, takriban asilimia 85 huingia katika chakula. Gesi, ambayo ndimi zake huramba pembeni mwa sufuria na kupaa, hufanya nusu hivi. Jiko la makaa likiwa zuri hufanya robo. Yale mafiga matatu ya mabibi zetu hupeleka sehemu ndogo sana chunguni, na kinachosalia huenda machoni mwa mpishi na mapafuni mwa mtoto aliye mgongoni.

Tatizo la kwanza, basi, ni sufuria. Karibu sufuria zote tunazonunua, ziwe za kiwandani au zile zinazogongwa na mafundi wa jua kali, ni za alumini. Alumini haivutwi na sumaku, na ukinzani wake ni mdogo mno. Mikondo hupita humo bila kuzua joto la kutosha, na jiko likishatambua hivyo hulia mlio mfupi na kukataa kazi. Huu si ubovu wa jiko. Jirani yangu, mama mmoja mchuuzi wa omena, alifika kwangu siku moja na sufuria yake ya ugali akitaka kujaribu. Jiko lilipolia mara tatu likazima, alinitazama kwa huruma. “Mwalimu,” akaniambia, “hiki chako kinabagua. Hakitaki sufuria za maskini.” Nilimjibu, “La, mama, kinataka chuma tu.” Lakini nikiyatafakari maneno yake naona alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Mtu atapewa jiko kwa mkopo au kwa bei ya kampeni, kisha agundue kwamba akiba yote ya vyombo vyake, vilivyokusanywa tangu siku ya harusi, haifai.

Dawa ni sumaku. Anayekwenda sokoni Kibuye kununua chombo cha kupikia na abebe sumaku, hata iwe ya spika iliyoharibika, aibandike kwenye kitako. Ikishika barabara, chombo kinafaa. Ikishika kwa kusitasita, chombo kitapika kwa kusitasita. Isiposhika, kirudishwe rafuni, hata kama muuzaji ataapa kwa majina yote. Vyombo vya chuma kizito cha kusubu hufaa sana. Vya enameli hufaa. Vile ving'aavyo vya chuma kisichopata kutu vingine hufaa na vingine havifai, ndiyo sababu nasisitiza sumaku badala ya macho. Kitako kiwe bapa kabisa, kwa maana sufuria yenye kitako cha duara au iliyobonyea hugusa kioo mahali pamoja tu. Upana wake ukaribiane na ule mduara uliochorwa kwenye kioo. Wapo wanaouza bamba la chuma la kuweka chini ya sufuria ya alumini. Bamba hilo hufanya kazi, lakini hurudisha ule upotevu wa joto tulioukimbia, na hulichosha jiko. Silipendekezi ila kwa dharura.

Tuje sasa kwenye hesabu, na naomba walimu wa fizikia wazikague. Tuseme mpishi anataka kuchemsha lita 2 za maji ya ugali. Maji ya bomba hapa huwa na nyuzi 25 hivi. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yafikapo nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 zinazotajwa vitabuni. Kilo 2, mara kilojuli 4.19, mara nyuzi 71, ni kilojuli 595, yaani yuniti 0.165. Ukigawa kwa ule ufanisi wa asilimia 85, mita itahesabu yuniti 0.19. Jiko la wati 2,000 litaimaliza kazi hiyo kwa dakika sita hivi. Tukiongeza dakika kumi za kusonga na kufunika kwa wati 800, ugali wote utakuwa umekula theluthi moja ya yuniti. Kwa mfano wa Sh28 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo ni chini ya Sh10.

Hesabu hiyo yadai masharti. Maji yafunikwe, sufuria iliyo wazi humwaga joto juu kwa mvuke. Maji yachemshwe kwa nguvu zote, kisha nguvu zipunguzwe mara tu yanapochemka, kwa sababu maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayochemka kwa utulivu. Fujo hiyo ni fedha inayopaa. Mpishi aliyezoea makaa hupata taabu hapa. Makaa hayana kitufe, hivyo amezoea kukiacha chungu kifanye kipendavyo. Jiko hili lina kitufe, na atakayekisahau atalipia kusahau kwake. Zaidi ya hayo, majiko mengi ya bei nafuu hayajui kupunguza nguvu kwa kweli: ukiyaambia wati 300, huwaka kwa wati 1,000 na kuzima, yakawaka tena na kuzima. Kwa ugali hakuna neno. Kwa maziwa ni balaa, kwa hiyo yatiliwe sufuria yenye kitako kinene ambacho hulituliza joto.

Kuhusu kusonga, nakiri kwamba kioo kiliundwa na watu wasioujua mwiko. Sufuria huteleza. Ugali wa kwetu si uji. Husongwa kwa bega, na sufuria isiyoshikwa itazunguka kama pia. Sufuria nzito yenye mkono mrefu hutatua nusu ya shida. Wengine hutandika mkeka mwembamba wa silikoni kati ya kioo na sufuria, na kwa kuwa sumaku hupenya, upishi hauzuiliki. Samaki wa kukaanga ataka tahadhari ya namna nyingine: mafuta hupata moto upesi kuliko ulivyozoea, kwa hiyo anza na nguvu za wastani na usiondoke. Ngege aliyepakwa chumvi akaachwa akakauka vizuri hukaangika hapo bila kurusha mafuta ukutani. Chapati nazo zapendeza juu ya kikaango cha chuma kilichopashwa polepole. Ukikipasha kwa pupa joto hujikusanya katikati, na kitako chaweza kupinda kikaacha kuwa bapa.

Nyoyo ndiyo mtihani mkubwa. Mahindi na maharagwe makavu, katika maji yasiyopita nyuzi 96, yaweza kutokota saa mbili na zaidi. Kwa wastani wa wati 500 hiyo ni yuniti nzima, Sh28, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudi kwa kuni. Lakini nani aliyesema lazima yatokote hivyo? Yakilowekwa usiku kucha muda hupungua sana. Yakichemshwa nusu saa kisha sufuria ikafungiwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara na blanketi, huendelea kuiva yenyewe bila senti moja. Na yakitiwa katika sufuria ya presha, ambamo maji hupita nyuzi 110, huiva kwa chini ya saa moja. Sufuria nyingi za presha madukani ni za alumini pia, hivyo sumaku isisahauliwe. Kwa hakika, kama familia hula nyoyo au maharagwe kila siku nyingine, ile sufuria ya presha inayojitegemea kwa umeme, yenye kifuniko cha kufunga na saa yake, yafaa kuliko indaksheni. Nasema hivi ingawa makala haya ni ya kuitetea indaksheni.

Jambo la nyaya sitalipitia mbio, kwa kuwa ni la uhai. Jiko la wati 2,000 kwa volti 240 huvuta ampea 8.3. Plagi nzuri ya ampea 13 na soketi iliyofungwa kwa waya unaostahiki hulibeba bila shida. Lakini nyumba nyingi za vijijini ziliunganishwa kupitia mradi wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015 na kushusha ada ya kuunganishwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Zilizo nyingi kati yake zilipata kibao chenye soketi chache kilichokusudiwa taa, redio na kuchaji simu. Kutoka kwenye kibao hicho mtu huvuta waya mwembamba wa kuunganishia, huupitisha chini ya zulia hadi jikoni, kisha huchomeka humo jiko na pasi kwa pamoja. Waya huo utapata joto kabla ya sufuria. Anayetaka jiko hili na aite fundi mwenye leseni, amwekee soketi ya peke yake jikoni, yenye waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Gharama hiyo haimo katika matangazo ya biashara. Baada ya kupika, plagi isichomolewe hadi feni iliyo ndani imalize kulipoza jiko. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani amuulize daktari wake kabla ya kuinamia kioo hicho.

Je, ina faida kwa mfuko? Mtungi wa gesi wa kilo 6 una nishati ya yuniti 77 hivi. Kama nusu yake ndiyo iingiayo katika chakula, hiyo ni yuniti 38. Kuipata hiyo 38 kwa indaksheni yahitaji yuniti 45 za mita, ambazo kwa Sh28 ni Sh1,260. Msomaji na alinganishe na bei anayojaziwa mtungi huo dukani kwao. Kwa makaa, kilo moja ina yuniti 8 hivi, jiko zuri likatumia 2. Yahitajika kilo 19 kwa kazi hiyo hiyo, tena bila kuhesabu makaa yanayowaka bure kabla ya sufuria kutelekwa na baada ya kuteuliwa. Bei ya makaa yajulikana kwa kila mtu Kisian, na yajulikana pia kwamba hupanda wakati wa masika. Sitaki kudai kwamba umeme ni rahisi kuliko vyote. Nadai kwamba umekaribiana navyo kiasi kwamba sera ya bei yaweza kuuinua au kuuangusha.

Na hapo ndipo penye kidonda. Bei zilizotangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, mwezi Aprili 2023, ziliwagawa wateja wa majumbani katika makundi matatu. Anayetumia yuniti 30 au chini kwa mwezi aliwekewa Sh12.22 kwa yuniti. Aliyepita 30 hadi 100, Sh16.30. Aliyepita 100, Sh20.97. Juu ya hizo huongezwa gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, asilimia 5 ya umeme vijijini, VAT ya asilimia 16 na tozo nyinginezo. Kundi la mteja huamuliwa kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu, na akishahamishwa kundi, yuniti zake zote hutozwa bei mpya, si zile tu zilizozidi. Kiwango hicho cha yuniti 30 kiliwekwa kwa nia njema, kumkinga mnyonge. Lakini yuniti 30 ni za taa na televisheni. Hakuna familia inayopika kikamilifu kwa yuniti 30.

Tuchukue yule mama wa omena. Tuseme hutumia yuniti 20 kwa mwezi. Kabla ya kodi ni Sh244.40. Akianza kupika kwa umeme aongeze yuniti 45, jumla 65. Sasa yeye si mnyonge tena machoni mwa mita: hutozwa Sh16.30 kwa zote, Sh1,059.50. Zile yuniti 20 za taa, ambazo hakuzibadilisha hata chembe, zimepanda kwa Sh81.60 kwa kosa la kuacha kuni.

Hali ya mwalimu mwenye friji na pasi ni mbaya zaidi. Huyu hutumia yuniti 60, Sh978. Akiongeza 45 za kupikia anafika 105, na wastani huo ukidumu, zote hutozwa Sh20.97: Sh2,201.85. Angejizuia zikawa 100 angelipa Sh1,630. Zile yuniti 5 za ziada, ambazo ni kama nyoyo ya siku tano, zimemgharimu Sh571.85 kabla ya VAT. Huyu mwalimu ni mtu wa hesabu. Atafanya nini? Atanunua mtungi wa gesi, hasa baada ya VAT ya gesi kuondolewa kabisa mwezi Julai 2023, au atawasha makaa siku za mwisho wa mwezi. Na akifanya hivyo atakuwa ametii bei za serikali akaasi sera ya serikali.

Majirani zetu wa Uganda waliliona hili mapema. Januari 2022 walianzisha bei ya upishi: mteja wa nyumbani anayevuka yuniti 80 hutozwa bei ya chini, Sh412 za Uganda, kwa zile za kati ya 81 na 150. Kimantiki ni kinyume cha yetu. Kwetu anayetumia zaidi huchukuliwa kuwa tajiri; kwao, katika eneo hilo, huchukuliwa kuwa mpishi. Ecuador, huko Amerika ya Kusini, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 ilianza kuwahimiza wananchi kununua majiko ya indaksheni, ikawapa yuniti 80 za bure kila mwezi kwa ajili ya kupikia tu, ikilenga familia milioni 3. Hata milioni moja haikutimia, na sababu kubwa ni kwamba serikali hiyo hiyo iliendelea kufidia gesi hadi ikawa karibu ya bure. Watu hawakulichukia jiko. Walisoma bei mbili wakachagua.

Najua nitaulizwa: na umeme unapopotea? Swali ni la haki. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, ikarudia Novemba na tena Desemba mwaka huo huo. Katika ukanda huu wa ziwa jioni ndiyo saa ambayo umeme hudhoofika, na ndiyo saa ya chakula. Jiko la indaksheni likipata volti pungufu hujizima. Kwa hiyo simshauri mtu yeyote Kisian avunje jiko lake la makaa wala auze mtungi wake. Apike kwa umeme kinachopikika kwa umeme: chai ya asubuhi, ugali, mboga, maji ya kuoga mtoto. Vyakula vya muda mrefu avitie jikoni mchana, au usiku baada ya saa nne. Na wale akina mama wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi kwa makarai makubwa wasidanganywe kwamba kioo cha wati 2,000 kitawatosha. Wao wahitaji mpango wa namna nyingine.

Habari ya usiku yanirudisha kwa watunga bei. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutoka katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sondu-Miriu, si mbali na hapa, ina mitambo ya megawati 60. Huko Olkaria, mahitaji yakishuka usiku wa manane, mvuke huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Wenye viwanda walipewa punguzo la saa hizo tangu Desemba 2017. Mama anayechemsha maharagwe saa tano za usiku hakupewa, ingawa mvuke anaotumia ni ule ule uliokuwa utupwe.

Mpango wa bei wa 2023 ulitungwa kuhudumu hadi Juni 2026, na sheria hudai umma uulizwe maoni kabla ya kila mpango mpya. Mikutano hiyo huhudhuriwa na mawakili wa makampuni na wenye viwanda. Walimu wa fizikia na wa sayansi ya nyumbani hawaonekani, ilhali wao ndio wenye darasa la watoto 40, kila mmoja akiwa na mita kwao. Darasa kama hilo laweza kusoma mita asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja, likapima ugali wa nyumba inayopikia umeme na wa ile inayopikia makaa, likaonyesha kwa jedwali moja mahali hasa ambapo mpishi huvuka mpaka. Kazi hiyo yahitaji daftari, saa, na sufuria inayoshikwa na sumaku. Jedwali likikamilika, anwani ya kulipeleka huwa imechapishwa kwenye tangazo lile lile la bei.